Somo la Wiki: Asiye na Makazi

Watoto na wazazi, leo tunajifunza kirejeshi cha kukanusha: mtu asiye na makazi, watu wasio na makazi. Maneno haya yanataja kilichokosekana, hayatukani tabia ya mtu.

Wengi mmewaona London wauzaji wa jarida la The Big Issue, lililoanzishwa mwaka 1991. Hununua nakala kwa fedha zao, huziuza kwa bei ya juu, na faida ni yao. Basi hao ni wachuuzi, wala si ombaomba. Wapo pia wenye ajira wanaolala hosteli au kwa marafiki, kwa kuwa mshahara hautoshi kodi ya nyumba.

Tuseme mzazi yuko kazini, mwenzake aseme: "Huyu analala hosteli, tusimwajiri. Watu hawa wavivu." Akinyamaza, ataonekana amekubali. Ajibu kwa adabu: "Kwanza tumuulize anajua kazi gani." Wahenga walisema: hujafa hujaumbika.

Zoezi
1. Andika kwa wingi: Mtu asiye na makazi ana haki ya kusikilizwa.
2. Muulize mzazi: wewe ungejibuje?