DAFTARI LA MAMA

Wako watu wadhanio ya kuwa msichana akiisha kuolewa na kupata mtoto, kitabu chake hakina kazi tena ila kufunikia mtungi. Neno hili nimelisikia mara nyingi kwa wazazi wa wanafunzi wangu, wala sikuwa na jibu la kuwatosha, mpaka ndugu yangu mdogo wa kike alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Yeye ameolewa katika kijiji kimoja karibu na Muheza. Mumewe ni mkulima wa machungwa, na nyumbani mwao alikaa pia mama mkwe, mwanamke mwenye heshima na mikono ya kazi, lakini hakujua herufi hata moja.

Siku arobaini za kwanza mzazi hakuruhusiwa kushika mchi wala ndoo. Mama mkwe alimwogesha mtoto, akamkanda viungo, akampikia mzazi uji wenye pilipili manga. Basi katika siku hizo ndugu yangu, kila aliponyonyesha, alifungua kitabu cha hadithi za Abunuwasi akasoma kwa sauti. Mama mkwe akastaajabu, akamwuliza, "Mwanangu, wamsomea nani? Huyo hata uso wako hajaujua."

Akajibu kwa adabu, "Mama, nawasomea ninyi. Mtoto naye akisikia, ni bahati yake."

Mama mkwe akacheka. Lakini siku ya pili yake, jua lilipokuchwa, yeye mwenyewe ndiye aliyeleta taa, akauliza Abunuwasi aliishia wapi jana.

Jueni, wanafunzi, ya kuwa mtoto huanza kusikia angali tumboni, na azaliwapo huwa ameizoea sauti ya mama yake. Maana ya maneno haijui bado, ni kweli. Lakini kwa kuyasikia kila siku hujifunza kidogo kidogo, hata mwaka wa kwanza ukikaribia kwisha aanze kutamka neno moja moja.

Tena ndugu yangu aliandika. Alikuwa na daftari lililosalia tangu siku za shule, akaandika humo tarehe ya kila jambo jipya alilofanya mtoto. Wala si jambo geni katika lugha yetu mama kushika kalamu kwa ajili ya mwanawe. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake maneno ya mama. Akafa muda si mrefu baadaye, na utenzi ule wasomwa hata leo. Daftari la ndugu yangu halikuwa na vina. Wiki ya sita: "Leo amenichekea." Mwezi wa nne: "Kichwa hakilegei tena." Alipotimiza miezi sita: "Ameonja uji, akautema," kwa maana mpaka siku ile alikuwa amenyonya tu, hata maji hakupewa, kama walivyomwagiza kliniki. Mwezi wa saba jino la chini, na mwezi wa nane: "Ameketi peke yake." Nami nilipolishika daftari lile mara ya kwanza, nikaanza kusahihisha makosa ya herufi kwa wino mwekundu. Hiyo ndiyo desturi yetu mbaya sisi walimu.

Hata mwezi wa tisa ukafika, mtoto wa jirani akawa anatambaa uani kama mjusi, na huyu wetu ameketi tu mkekani. Wanawake wakaanza kunong'ona. Mmoja akashauri achimbiwe shimo dogo asimamishwe humo, apate nguvu za miguu. Ndugu yangu akanyamaza, na siku ya chanjo ya surua akamwuliza muuguzi. Yule muuguzi akamweleza ya kuwa Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 habari za watoto waliopimwa katika nchi tano, nazo ni Ghana, India, Norway, Omani na Marekani. Katika watoto wale wenye afya, wako walioketi peke yao kabla ya mwezi wa nne kutimia, na wengine baada ya mwezi wa tisa. Kutembea bila kushikwa, wengine walianza mwezi wa nane, wengine walikaribia miezi 18. Na karibu watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo. Walipita njia nyingine wakasimama. Basi shimo halikuchimbwa, na wiki tatu baadaye mtoto akatambaa.

Lakini mwezi wa kumi na moja likatokea jambo jingine. Mtoto alishikwa na mafua na homa, homa ikapoa. Naye alikuwa na mazoea, alisikiapo jina la Abunuwasi likisomwa, kugeuka na kupiga makofi. Jioni moja hakugeuka. Mama yake akaandika: "Nimesoma, hakugeuka." Siku ya pili akaandika vivyo hivyo, na kwamba sikio la kushoto latoka maji yenye harufu. Mama mkwe akasema yamiminwe mafuta ya nazi ya moto kidogo, kama alivyofanyiwa yeye utotoni. Kumkatalia mkwe si jambo jepesi, nanyi mwajua. Ndugu yangu alipiga magoti, akamwomba, "Mama, niruhusuni kwanza nimpeleke zahanati. Nikirudi bila dawa, mtatia mafuta." Yule mzee akakaa kimya kitambo, kisha akatwaa mbeleko akamfunga mtoto mgongoni mwake mwenyewe, wakaenda wote.

Mganga alitazama sikio, akauliza, "Usaha ulianza lini?" Swali hili lina uzito mkubwa, kwa kuwa usaha usiotimiza siku 14 hutibiwa kwa dawa ya kunywa, na uliotimiza siku 14 au zaidi una tiba yake nyingine, tena sikio likiachwa hivyo hivyo, mtoto aweza kupoteza uwezo wa kusikia. Wazazi wengi hujibu, "Juzijuzi tu." Ndugu yangu akafungua daftari: siku ya sita. Wakapewa dawa ya siku tano, wakafundishwa kulikausha sikio mara tatu kwa siku kwa kitambaa safi kilichosokotwa, na kutotia kitu kingine chochote ndani, wala mafuta. Mama mkwe aliuliza kitambaa kisokotwe unene gani, na tangu hapo kazi ile akaifanya yeye.

Siku kumi na mbili zikapita. Jioni ile nilikuwapo. Ndugu yangu alisoma mlangoni, na mtoto alikuwa amempa kisogo, akichezea kifuu cha nazi. Jina la Abunuwasi likatajwa. Kifuu kikaanguka. Mtoto akageuka, akatambaa mpaka kwenye kigoda, akajivuta, akasimama dede kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanyosha mkono, akaupasua ukurasa.

Mama mkwe alipiga kigelegele. Ukurasa ule uligandishwa kesho yake kwa uji wa muhogo, na mahali pale mstari mmoja hausomeki mpaka leo. Mama mkwe, ambaye sasa hujua herufi za a, e, i, o na u, hupenda kuuliza mstari ule ulisema nini.