Daftari la Fundi na Tarishi Wake

Ukipita Kigobe, mtaa wa Bujumbura wenye jumba la mikutano ambamo Bunge la Taifa limekuwa likikutana, utaona maofisi mengi, na ndani ya kila ofisi kompyuta. Sasa, msomaji, jiulize: kompyuta hizo zikileta taabu, nani huambiwa? Mmoja amesahau neno lake la siri. Mwingine mashine yake ya kuchapa imekwama. Wa tatu ni mgeni kazini, naye hana anwani ya barua pepe. Pasipo utaratibu, kila mmoja humtafuta fundi ukumbini, na fundi humsaidia kwanza yule apigaye kelele kuliko wenziwe.

Dawa yake ni daftari. Katika miaka ya 1980 Serikali ya Uingereza ilianza kukusanya taratibu za kazi hii, nazo zikaitwa ITIL. Hizo hutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: hitilafu, yaani kitu kilichokuwa kikifanya kazi kimeacha; na ombi, yaani mtu anataka kitu asichokuwa nacho. Kila jambo hupewa namba, nayo huitwa tiketi. Programu ya kutunza tiketi iliyo rahisi kupatikana ni GLPI, iliyotoka Ufaransa mwaka 2003. Haina bei, na kwa maofisi yetu, ambamo karatasi nyingi huandikwa kwa Kifaransa, inafaa sana.

Lakini daftari halitembei. Laweza kuandika kwamba mfanyakazi mpya anahitaji akaunti, lisiweze kuifungua. Hapo ndipo anapohitajika tarishi, yaani programu ya kupeleka kazi toka programu moja hadi nyingine. Mojawapo ni n8n, iliyoanza Berlin mwaka 2019, ambayo yaweza kuwekwa katika kompyuta ya ofisi yenyewe. Jambo hilo si dogo kwetu. Burundi haina pwani, na nyaya zake za intaneti hupita nchi za jirani kabla ya kufika baharini. Njia ikikatika, tarishi aliye ng'ambo hasikii, bali aliye ofisini huendelea na kazi za humo ndani.

Tuchukue mfano. Mkuu wa idara anaandika ombi katika daftari: mfanyakazi fulani anaacha kazi Ijumaa. Daftari linampasha tarishi habari. Tarishi anamwandikia mkuu wa utumishi, anangoja kibali, kisha siku ikifika anaifunga akaunti ya barua pepe na ile ya hesabu, na anarudi kuandika ndani ya tiketi ileile kila alichokifanya na saa yake. Akaunti ikisahauliwa wazi, aliyeondoka aweza kusoma barua za ofisi akiwa nyumbani kwake. Kibali nacho kisiondolewe kamwe kwa ajili ya haraka, maana majina hufanana, na mtu asiyehusika aweza kufungiwa kazi yake yote asubuhi moja.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Tuseme umeme unakatika tarishi akiwa katikati ya kufungua akaunti ya mfanyakazi mpya. Umeme unarudi, kazi inaanzishwa upya, na mtu mmoja anapata akaunti mbili. Kwa hiyo tarishi afundishwe kuuliza kwanza: je, tiketi namba hii imekwisha kufunguliwa akaunti? Namba ya tiketi iandikwe juu ya kila kitu anachokigusa, na daftari liwe ndilo pekee linaloaminiwa.

Kuna kichekesho kingine. Mtu yuko likizoni, na sanduku lake la barua hujibu lenyewe: "Sipo kazini." Jibu hilo likiingia katika daftari huwa tiketi mpya, daftari linamwandikia kwamba limepokea, sanduku linajibu tena. Likiachwa usiku kucha, fundi atakuta asubuhi tiketi tele za mtu asiye na shida yoyote! Tangu mwaka 2004 iko kanuni ya intaneti, RFC 3834, inayoshauri barua zinazojijibu zenyewe zitiwe alama. Tarishi na aitazame alama hiyo kwanza, na barua yenye alama asiifanye tiketi.

Mwisho, tarishi hupewa ufunguo wa siri wa kuingilia daftari. Wengi humpa ule wa msimamizi mkuu, kwa kuwa ndio mwepesi. Apewe wake mwenyewe, wenye ruhusa ya kazi yake tu.

Zoezi: Chora katika karatasi safari ya ombi la mwalimu mpya anayetaka anwani ya barua pepe shuleni kwenu. Tia alama pale mtu anapotoa kibali, kisha ueleze itakuwaje umeme ukikatika katika kila hatua.