"Mura, bia gani inaua korona?"

Leo tunakupeleka Sirari, wilayani Tarime, pale barabara ya lami inayotoka Mwanza na Musoma inapofika mpakani. Ukipiga hatua chache tu uko Isebania, Kenya. Kama wewe ni wa huko huhitaji kuelezwa: shilingi za nchi mbili mfuko mmoja, shangazi upande huu, mjomba upande ule, na ukimwita kijana "mura" anageuka, awe wa huku au wa kule.

Turudi nyuma hadi Mei 2020. Shule za Tanzania zilikuwa zimefungwa tangu Machi 17, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Kenya nako shule zilifungwa, na baa pia ziliamriwa kufungwa kuanzia Machi 22. Tena kuanzia Machi 27 Mkenya alitakiwa awe ndani ifikapo saa 1 usiku. Upande wetu serikali haikuamuru baa zote nchini zifungwe. Mei 16 Kenya ikazuia watu kuvuka mpaka wa Tanzania, isipokuwa malori ya mizigo, na madereva wake walipaswa kupimwa kwanza. Foleni za malori zikawa ndefu mpakani.

Sasa wasikilize vijana wanne waliokaa kwenye benchi karibu na soko. Wote ni wanafunzi, na hakuna aliyefikisha miaka 18.

MWENYE KOFIA: Mimi bwana ni Safari. Hiyo ndiyo bia ya mwanamume.

MWENYE JEZI: Safari kali mno. Nipe Serengeti, iliyotoka kwenye friji sasa hivi.

MWENYE BAISKELI: Mjomba wangu wa Isebania anasema bila Tusker hajanywa kitu. Tangu wafunge baa kule anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia!

DADA WA KARANGA: Na ile inayoitwa Corona je? Si ndiyo iliyoleta huu ugonjwa? (Kicheko.)

MWENYE KOFIA: Hiyo ndiyo dawa yenyewe, dada. Dawa ya moto ni moto.

MWENYE JEZI: Lakini kweli, hebu fikirini. Kitakasa mikono si ni pombe? Kama kinaua virusi mkononi, pombe itashindwaje kooni?

MWENYE BAISKELI: Basi gongo ndiyo mwisho wa maneno. Ile ni moto mtupu.

MWENYE KOFIA: Jioni tukutane kule nyuma ya soko. Nina elfu tano.

MWENYE JEZI: Mimi nipo. Siku hizi bila viwili vitatu sipati usingizi.

MWENYE BAISKELI: Haya, mura. Saa 12.

Mazungumzo haya tumeyatunga sisi, lakini tunadhani umewahi kuyasikia, au hata kuyasema. Yana utani, yana swali moja zuri la kisayansi, na yana sentensi moja ambayo wenzake wote waliipita kama hawakuisikia. Je, umeiona? Tutaifikia.

HILO JINA KWANZA

Bia ya Corona inatoka Mexico na ilikuwepo miaka mingi kabla ya ugonjwa huu. Neno lenyewe maana yake ni taji. Kirusi kikaitwa hivyo kwa sababu kikitazamwa kwa hadubini yenye nguvu kinaonekana kimezungukwa na vichomozo kama taji la mfalme. Undugu wao ni wa jina tu, kama wewe na yule mtu wa Bunda mnayeitwa jina moja.

HESABU YA CHUPA MOJA

Swali la mwenye jezi ni zuri na halistahili kuchekwa. Hata wakubwa lilwachanganya. Aprili 2020 aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alisema kwamba vifurushi vya chakula vya wananchi vitatiwa chupa ndogo za Hennessy, eti za kuua virusi kooni. Kampuni inayotengeneza kinywaji hicho ikabidi itoe tamko kuwa hakikingi korona. Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza waziwazi mwezi huohuo kwamba kunywa pombe hakuzuii wala hakutibu ugonjwa huo.

Chukua kalamu. Kitakasa mikono kinatakiwa kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60, ndipo kiweze kuuvunja utando wa mafuta unaokifunika kirusi. Bia nyingi zina asilimia 5 hivi. Kwa hiyo ukinawa mikono kwa bia umeilowesha tu, tena itanata na nzi watakufuata.

"Basi gongo," atasema mwenye baiskeli. Sawa, tuendelee na hesabu. Kirusi cha korona hakikai kooni kukusubiri umwagie kitu juu yake. Kinaingia ndani ya chembe hai za pua, koo na mapafu, na humo ndimo kinamozaliana. Ili alkoholi ikifikie humo lazima ipite kwenye damu. Mtu aliyelewa kiasi cha kuyumba ana alkoholi ya karibu asilimia 0.1 katika damu yake, yaani sehemu moja katika elfu. Ikifika karibu asilimia 0.4 anaweza kupoteza fahamu, akaacha kupumua na kufa. Linganisha: kirusi kinataka 60, na wewe unakufa kwa 0.4. Kabla pombe haijamgusa adui, imeshamzika mwenye nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani benchini. Ndani ya njia za hewa una vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi na uchafu kwenda nje, na kwenye mapafu una chembe za ulinzi zinazomeza vijidudu. Unywaji mwingi huvilegeza vyote viwili. Ndiyo maana walevi wa siku nyingi hushikwa kwa urahisi zaidi na nimonia na kifua kikuu, jambo ambalo madaktari walilijua kabla korona haijasikika.

Na kilabuni kwenyewe je? Watu wanabanana, muziki uko juu, kila mtu anapaza sauti na mate yanaruka, kikombe kimoja kinazunguka watu sita. Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ulikuwa umeanza kupumua Mei 2020 pale maambukizi mapya mengi yalipofuatiliwa hadi vilabu vya usiku vya mtaa wa Itaewon.

KILICHOMO KWENYE GONGO

Hapa tunaomba usiruke mstari. Gongo kwetu ni haramu kisheria. Ng'ambo wanaiita chang'aa. Wengine huichukulia kama jambo la polisi tu, lakini tatizo kubwa ni kwamba huwezi kujua kwa macho, kwa pua wala kwa ulimi kilichomo ndani ya chupa.

Pombe ya kawaida ina ethanoli. Ndugu yake, methanoli, hutumika viwandani. Harufu na ladha yake vinakaribiana na ethanoli, hivyo mtu mwenye tamaa huichanganya ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Ini likiivunja methanoli hutoa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Vijiko vichache vya chai vinaweza kumpofusha mtu mzima, na zaidi kidogo vikamwua. Mei 2014 zaidi ya watu 60 walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya kwa pombe ya namna hii, na wengine wakabaki vipofu. Mwaka 2020 huko Iran mamia ya watu walikufa baada ya kunywa methanoli, baadhi yao wakiwa wamesikia uvumi kwamba pombe inaponya korona. Uvumi huohuo wa benchini.

Dalili zake ni za kudanganya. Mtu analewa kama kawaida, analala, na huenda akaamka akidhani ni uchovu tu. Baada ya saa 12 hadi 24 hivi, au hata zaidi, ndipo anaanza kutapika, tumbo linamuuma, anahema haraka, na macho yanaona ukungu au weupe kama amefunikwa shuka. Ukiona hivyo, mpelekeni hospitali mara moja, usiku uleule, na semeni ukweli alichokunywa. Kwa kuogopa kugombezwa, vijana wengi huwaficha wenzao mpaka asubuhi. Asubuhi ni mbali mno. Iko tiba, lakini inawahi au haiwahi.

Kitakasa mikono nacho si cha kunywa. Vingine vina methanoli au viungo vingine vya sumu.

USINGIZI WA MWENYE JEZI

"Siku hizi bila viwili vitatu sipati usingizi." Ndiyo hiyo sentensi. Katika benchi zima ndiyo pekee iliyokuwa na uzito, na ilijibiwa "Haya, mura. Saa 12."

Tuseme baba yake ni dereva wa lori na amekwama kwenye foleni ya mpakani siku ya nne. Tuseme mama yake anauza nguo za mitumba, na wateja wake walikuwa wanavuka kutoka ng'ambo. Mitihani haijulikani itafanywa lini. Redio inataja vifo vya nchi za mbali, na nyumbani hakuna anayemwambia lolote ila "kanawe mikono." Kijana huyu hana kiu ya bia. Ana hofu, na kuitaja hofu mbele ya wanaume wa Mara si jambo jepesi! Kuchagua kati ya Safari na Serengeti ni rahisi zaidi kuliko kusema "naogopa baba asirudi."

Je, pombe haimsaidii hata kidogo? Tusikudanganye. Kwa saa moja au mbili inasaidia: inapunguza kasi ya ubongo, mwili unalegea, usingizi unakuja haraka. Ndiyo maana watu wanairudia. Lakini chupa moja ya mililita 500 ina mililita 25 za alkoholi, sawa na gramu 20 hivi. Ini huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja, basi, ni kazi ya saa 2 hadi 3, na tatu ni kazi ya usiku mzima. Kadiri inavyokwisha, ubongo uliokandamizwa unafyatuka kama chemchemi. Unashtuka saa 9 usiku, moyo unadunda, jasho linakutoka, na yale mawazo uliyoyakimbia yamekaa kitandani yanakusubiri. Kesho yake hofu imeongezeka, na viwili havitoshi tena, unataka vitatu. Ubongo wa kijana bado unajengwa, hivyo hujifunza mazoea haya upesi kuliko wa mtu mzima. Lebo inayosema kileo kisiuzwe kwa aliye chini ya miaka 18 ina sababu, ingawa wauzaji wengi huisoma wakiwa wamefumba macho.

UTASEMAJE?

Vijana hutuuliza: nitakataaje bila kuonekana mshamba? Jibu refu halisaidii. Ukianza kutoa mahubiri kwenye benchi utazomewa, na pengine ni haki yako. Sema kwa ufupi, kwa utani kama mnavyotaniana: "Mimi nipo na soda, mura, leta stori." Au: "Mzee akinusa harufu nitalala nje, na mbu wa huku unawajua." Kisha ubaki palepale. Kinachowaudhi marafiki mara nyingi ni kuachwa, si soda.

Kumwuliza mwenzako ndiko kugumu zaidi. Usimwulize mbele ya wengine. Subiri mkiwa wawili, mnachota maji au mnasukuma baiskeli, kwa kuwa mtu husema vizuri mkiwa mnatazama mbele wote wawili. "Juzi ulisema hupati usingizi. Kuna nini?" Basi. Nyamaza, hata kama kimya ni kirefu. Usimwambie "pole, yataisha," na usimweleze hesabu za ini. Hizo ni zako.

Akisema jambo zito kuliko uwezo wako, kwa mfano kwamba anapigwa au anafikiria kujiua, usilibebe peke yako. Mtafuteni mtu mzima mnayemwamini: mwalimu, shangazi, muuguzi wa zahanati. Ipo pia namba 116 ya msaada kwa watoto, inayopigwa bure Tanzania. Kenya nako ni 116.

Shule za Tanzania zilifunguliwa Juni 29, 2020, kidato cha sita wakiwa wametangulia Juni 1. Wenzao wa Isebania wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Magonjwa ya mlipuko hayakuisha: Marburg ilizuka Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Maneno ya benchini nayo hayabadiliki sana.

JADILIANENI DARASANI

Chupa ya mililita 330 ina alkoholi asilimia 4.5. Mililita moja ya alkoholi ina uzito wa gramu 0.8 hivi. Ini litahitaji muda gani kuimaliza? Onyesha njia. Kisha igizeni yale mazungumzo ya benchi upya, watu wanne, bila kubadilisha neno hadi pale mwenye jezi anapotaja usingizi. Kuanzia hapo mwenye baiskeli aseme kitu kingine. Kila kikundi kitafute maneno yake, nasi tuandikieni mtuambie alisema nini.