Zamu ya uongozi safarini: aanze nani?

Swali: Mimi ni mlezi wa wanafunzi wa Tuzo ya Rais katika shule moja hapa Kapseret. Safari yetu ya kiwango cha dhahabu ni ya siku 4, na kila siku ina kiongozi wake. Mwenzangu anataka kiranja mkuu aanze. Ni sawa?

Jibu: Hapana, mwalimu. Kiranja mkuu mweke siku ya tatu. Akitangulia yeye, wengine wataendelea kumtazama yeye hata zamu yake ikiisha. Siku ya kwanza mpe mwanafunzi mtulivu anayeijua ramani; wenzake bado wana nguvu, na kosa lake litarekebishika.

Shule ya mafunzo ya nyikani ya NOLS, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1965 na iliyowahi kuendesha kozi zake hapa Kenya, huwapa wanafunzi zamu kama hizi. Sehemu ngumu ni ya mwalimu: kunyamaza. Mkiteremka Bonde la Kerio, kwa mfano, joto linapanda kadiri mnavyoshuka. Mwache kiongozi wa siku asimamishe kundi mwenyewe, akague chupa ya maji ya kila mmoja, amweke mbele anayechechemea ili wote wafuate mwendo wake. Wakikosea njia, wape muda waligundue kosa. Ingilia kati palipo na hatari: mto uliofurika, radi, mtoto aliyezidiwa na joto.

Makabidhiano yafanyike jioni, baada ya chakula. Anayemaliza zamu aseme kwanza yaliyomshinda, kisha wenzake. Anayepokea ramani alale akiwa ameshapanga saa ya kuondoka.