SOMO KWA WALIMU: Mtoto wa Dawati la Mwisho Naye Apate Kusema

Walimu wengi wa Gredi ya Nne, ya Tano na ya Sita wamjua mtoto huyu. Huja shuleni mapema, nguo zake safi, na madaftari yake yamefunikwa kwa gazeti. Hukaa dawati la mwisho, karibu na dirisha, wala hasumbui mtu. Mwalimu akiuliza swali, yeye huinamisha kichwa kama atafutaye kalamu, na mwalimu humwita mwingine aliyenyosha mkono. Muhula hupita, na mwaka hupita, naye hajasema neno katika somo lo lote. Mwisho wa Gredi ya Sita, katika ile tathmini ya taifa iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, ndipo watu hugundua kwamba kusoma kwake ni kwa kubahatisha. Miaka mitatu imekwisha kupita.

Somo letu la leo lamhusu mtoto huyo. Mara nyingi hakuachwa nyuma kwa sababu mwalimu ni mvivu, bali kwa sababu ya hesabu ya dakika. Na hesabu hiyo yaweza kurekebishwa kwa desturi chache za darasani zisizohitaji fedha nyingi.

HESABU YA DAKIKA

Kipindi katika madarasa hayo ni dakika 35. Chukua mfano wa darasa la watoto 50. Hata kama mwalimu angenyamaza kabisa na kuwaachia watoto kipindi kizima waseme mmoja mmoja, kila mtoto angepata sekunde 42 tu. Lakini mwalimu hana budi kueleza, kuandika ubaoni na kusahihisha. Basi sehemu ya kila mtoto hupungua mpaka karibu kuwa si kitu. Hapo wasemao ni wale watano au sita wenye ulimi mwepesi, na waliosalia ni wasikilizaji.

Tena, fikiri juu ya dakika zipoteazo. Ikiwa kila kipindi huanza kwa dakika 5 za kugawa vitabu, kufuta ubao na kuwanyamazisha watoto, na siku ina vipindi 7, basi dakika 35 zimepotea. Hicho ni kipindi kizima kila siku, na vipindi vitano kila juma.

Katika Thika na Ruiru jambo hili ni zito zaidi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru, ukawa wa nne kwa wingi wa watu katika Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ilikuwa na watu 251,407. Wengi walikuja kwa kazi za viwanda, za mashamba ya kahawa na ya mananasi. Wengine hulala huku na kufanya kazi Nairobi, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012. Kwa hiyo katika darasa moja waweza kumkuta mtoto asemaye Kikuyu nyumbani, na wa Kikamba, na wa Kiluo, na wa Kiluhya, na yule asiyejua ila Kiswahili. Mtoto aliyehamia juzi huogopa kuchekwa kwa matamshi yake, naye huona heri kunyamaza. Mtaala wa umilisi, uliofika Gredi ya Nne mwaka 2020, wataka mtoto atende na aseme. Basi afanyeje mwalimu mwenye watoto 50?

1. DESTURI YA KUINGIA

Kabla ya watoto kuketi, kazi fupi iwe imekwisha andikwa ubaoni. Mtoto huingia, hufungua daftari, na kuanza bila kuambiwa. Wakati huo kiranja wa kila safu hugawa vitabu, na mwalimu huita majina kimya kwa macho yake. Kazi isizidi dakika 5, na iwe ya mambo wanayoyajua. Kwa mfano: "Andika kwa maneno idadi ya watu wa Ruiru mwaka 2019. Je, ilizidi ya Thika kwa wangapi?" Jibu ni 238,713, na mtoto wa Gredi ya Tano aweza kulipata kwa kutoa tu.

Mwalimu na asome kwa sauti kila aandikacho ubaoni. Thika pana shule ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, nayo yatukumbusha kwamba jicho si mlango pekee wa elimu. Hata katika shule nyingine wako watoto wasioona vizuri, wala hawajui kwamba wenzao huona zaidi yao. Yule wa dawati la mwisho huenda akawa mmoja wao.

2. KUULIZA, KISHA KUNGOJA

Bibi Mary Budd Rowe, mtaalamu wa Marekani, alichunguza masomo ya sayansi na kuandika habari zake katika miaka ya 1970. Aliona kwamba walimu, wakiisha kuuliza swali, hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kumwita mtu au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu na yenye sababu, na watoto waliokuwa wakinyamaza walianza kusema.

Basi uliza swali, kisha hesabu moyoni moja mpaka tano. Usitaje jina la mtoto kwanza. Ukilitaja kabla ya swali, wengine 49 hupumzika. Uliza, ngoja, ndipo utaje jina. Mwanzoni kimya hicho kitakuwa kirefu kwako kama safari ya kwenda na kurudi Nairobi kwa miguu, lakini watoto watakizoea upesi.

3. WAWILI WAWILI

Mwaka 1981 mwalimu mwingine wa Marekani, Bwana Frank Lyman, alieleza desturi iliyoenea katika nchi nyingi. Kila mtoto hufikiri peke yake kwanza. Kisha huzungumza na jirani yake. Mwishowe baadhi yao huliambia darasa zima.

Rudi sasa katika hesabu yetu. Ukiwapa watoto dakika 4 za kuzungumza wawili wawili, kila mmoja hupata dakika 2 za kusema. Hizo ni karibu mara tatu ya zile sekunde 42, nawe umetumia dakika 4 tu badala ya 35.

Yako masharti matatu. Kwanza, jirani wawe wamepangwa na mwalimu, na kubadilishwa kila majuma mawili, ili mtoto mgeni apate rafiki zaidi ya mmoja. Pili, iwepo ishara moja ya kunyamaza, kama vile kupiga makofi mara tatu, nao wajibu kwa kupiga mara mbili na kunyamaza. Tatu, mtoto aitwapo asiseme mawazo yake mwenyewe, bali aseme, "Mwenzangu amesema hivi." Sharti hili la tatu lina nguvu kubwa: humlazimisha mtoto mwepesi kusikiliza, na humpa mtoto mwenye haya msemaji wa kumtolea mawazo yake, mpaka siku atakapojiona yu tayari kusema mwenyewe.

4. KAZI YA VIPANDE

Mwaka 1971 katika mji wa Austin, jimbo la Texas, watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko waliwekwa pamoja katika shule zilizokuwa zimewatenga, na chuki ikawa nyingi. Bwana Elliot Aronson na wenzake walibuni njia ya kugawa somo vipande, kila mtoto wa kikundi akapewa kipande kimoja ambacho wenzake hawana. Hawakuweza kulipata somo zima bila kumsikiliza kila mmoja. Aliyedharauliwa akawa mwenye kuhitajiwa.

Kwetu, somo la kahawa lafaa sana. Ligawe vipande vinne.

(a) Kupanda: miche hukuzwa katika kitalu, kisha huhamishiwa shambani.

(b) Magonjwa: ugonjwa wa matunda ya kahawa na ule wa kutu ya majani, na habari za Ruiru 11, aina ya mbuni iliyopewa jina la mji huu na kutolewa kwa wakulima mwaka 1985, yenye kustahimili magonjwa hayo.

(c) Kuchuma na kuosha: matunda mekundu huchumwa, humenywa, buni huachwa zichachuke ili ute utoke, kisha huoshwa na kuanikwa juani.

(d) Kukoboa na kuuza: buni hukobolewa, hupangwa kwa madaraja, zile kubwa huitwa AA, na nyingi huuzwa katika mnada wa Nairobi.

Andika kila kipande kwenye karatasi. Wenye kipande kimoja wakutane watatu watatu kwa dakika 5, wasaidiane kukisoma na kukielewa. Kisha kila mmoja arudi katika kikundi chake cha watu wanne akawafundishe wenzake. Watoto 50 hawagawanyiki kwa nne. Basi vikundi viwili viwe vya watoto watano, na wawili wao washike kipande kimoja. Yule asomaye kwa shida mpe kipande kifupi, lakini usimnyime.

5. SWALI LA MLANGONI

Dakika 3 kabla ya kengele, kila mtoto aandike kwenye kijikaratasi jambo moja alilojifunza na jambo moja lisilomwelea, na ampe mwalimu mlangoni akitoka. Jioni mwalimu avitenge mafungu matatu: walioelewa, walioelewa nusu, na wasioelewa. Kazi hiyo si ya kusahihisha wala kutia maksi. Fungu la tatu ndilo litakalomwongoza katika somo la kesho, na humo ndimo atakapoona kwanza mwandiko wa mtoto wa dawati la mwisho.

MASHAKA MAWILI

Wengine watasema, "Darasa litakuwa na kelele, na mwalimu mkuu akipita atadhani hakuna adabu." Kelele ni za namna mbili, za mchezo na za kazi, na mwenye kusimama mlangoni dakika moja atazitambua. Wala ukimya si alama ya adabu siku zote. Mara nyingi ni alama ya hofu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi, na mwalimu aliyeweka fimbo chini ahitaji kitu cha kushika badala yake. Desturi iliyo imara ndiyo kitu hicho: mtoto ajuaye la kufanya kila dakika hana nafasi kubwa ya utundu.

Wengine watasema, "Silabasi ni ndefu, hatutaimaliza." Lakini silabasi iliyomalizwa na mwalimu peke yake, huku nusu ya darasa imebaki nyuma, haikumalizwa.

Usianze yote kwa siku moja. Anza na desturi ya kuingia, uishike kwa majuma mawili bila kuiacha hata siku moja, kisha uongeze ya pili. Haba na haba hujaza kibaba.

KAZI YA JUMA HILI

Mwalimu na achukue orodha ya majina ya darasa lake. Katika vipindi vya siku mbili, kila mtoto asemapo jambo la somo, mwalimu atie alama mbele ya jina lake. Mwisho wa siku ya pili ahesabu majina yasiyo na alama hata moja. Hayo ndiyo majina ya kuanza nayo Jumatatu ijayo.