SOMO: KIANZIO CHA NYUMBA YA KWANZA NA MAHALI PA KUKIWEKA



Hakuna chama cha akiba na mikopo ambacho hakijapata kumwona mwanachama wa namna hii. Huingia ofisini na kitabu chake mkononi, uso umejaa furaha. Amepata nyumba, muuzaji anamngoja, na fedha za kuanzia, asema, zimo humu kitabuni. Katibu hufungua leja, huhesabu, kisha humweleza kuwa sehemu kubwa ya fedha hizo haiwezi kutoka. Mwanachama huondoka akiamini kuwa ameonewa, na katibu hubaki akiamini kuwa mwanachama hakuyasoma masharti. Kwa kweli kosa lao ni moja: siku fedha zilipoanza kuwekwa, hawakuulizana ni fedha za kazi gani.

Somo hili limeandikwa ili mazungumzo hayo yafanyike mapema. Katibu alisome mbele ya wanachama, na kila mwanachama awe na kitabu chake karibu.

1. Kianzio ni nini?

Kianzio ni sehemu ya bei ambayo mnunuzi hutoa mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, kabla mkopeshaji hajatoa sehemu iliyobaki. Mabenki yanayokopesha kwa rehani ya nyumba aghalabu humtaka mnunuzi alete kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya tano ya bei. Kianzio kisichanganywe na arubuni. Arubuni ni fedha kidogo anayopewa muuzaji ili asiiuze nyumba kwa mtu mwingine. Nayo, mapatano yakivunjika, yaweza kupotea.

Kwa miaka mingi wananchi wengi wa Tanzania hawakuwa na haja ya kulijua neno hili. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973, ilifungwa mwaka 1995, na baada ya hapo mtu wa kipato cha kawaida alijenga chumba baada ya chumba, kadiri matofali yalivyopatikana. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, pamoja na kuundwa kwa kampuni ya kuyakopesha mabenki fedha za mikopo hiyo mwaka 2010, vilifungua tena njia ya kununua nyumba kwa kulipa kidogo kidogo. Njia imefunguka, lakini mlangoni pake huulizwa kianzio.

2. Shilingi moja haina kazi mbili

Katika kitabu cha mwanachama kuna fedha za aina tatu, na kila moja ina tabia yake.

Hisa ni mtaji wa chama. Mwanachama hawezi kuzichukua maadamu angali mwanachama.

Akiba ni fedha awekazo mwanachama kila mwezi au kila msimu, nazo ndizo dhamana ya mikopo yake. Vyama vingi hukopesha mara mbili au mara tatu ya akiba. Ukiwa na deni, akiba hiyo haitoki. Ukimdhamini mwenzako, sehemu ya akiba yako imeshikwa pia, ingawa deni si lako.

Amana ni fedha unazoweka kwa hiari, kwa muda na kwa kusudi unalolitaja mwenyewe. Hizi huweza kutoka kwa taarifa, kama masharti ya chama yanavyosema.

Natuchukue mfano. Tuseme kitabu cha mwalimu fulani kinaonyesha hisa sh. 500,000, akiba sh. 6,000,000 na amana sh. 3,000,000. Jumla ni sh. 9,500,000. Mwalimu anasema, ‘Kianzio cha sh. 8,000,000 ninacho, na chenji itabaki.’ Lakini bado anadaiwa mkopo wa ada ya shule, na amemdhamini jirani yake. Basi zinazoweza kwenda kwa muuzaji ni zile sh. 3,000,000 za amana peke yake. Shilingi iliyofungwa kuwa dhamana haiwezi siku hiyo hiyo kuwa kianzio.

Wengine husema, ‘Basi chama kinikopeshe kianzio chenyewe.’ Masharti yaweza kuruhusu, lakini hesabu hukataa. Mwanachama huyo atakuwa na madeni mawili juu ya mshahara mmoja: la chama na la benki. Mfanyakazi hapaswi kukatwa mpaka abakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, na benki huyahesabu makato yote kabla ya kukubali. Aghalabu mkopo wa kianzio ndio humfanya mtu akose mkopo wa nyumba.

Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni fupi: kianzio cha nyumba kiwekwe katika amana, kwa jina lake, wala kisihesabiwe pamoja na akiba.

3. Kupiga hesabu ya siku ya kununua

Kosa la pili ni kupiga hesabu kwa bei ya leo. Tuseme nyumba ndogo yauzwa sh. 40,000,000, na benki yataka sehemu ya tano. Mwanachama hugawa sh. 8,000,000 kwa miezi 48, akapata kama sh. 167,000 kwa mwezi, akaridhika.

Lakini nyumba nayo haikulala. Tukikadiria kuwa bei hupanda kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka minne itafika sh. 48,620,250. Sehemu yake ya tano ni sh. 9,724,050. Tena zipo gharama ambazo hazimo katika bei: mthamini, wakili, ushuru wa stempu na ada ya kuandikisha uhamisho. Tuzikadirie kuwa sh. 1,500,000. Jumla ni sh. 11,224,050. Aliyeweka sh. 167,000 kwa mwezi atapungukiwa na zaidi ya sh. 3,200,000 siku ile ile aliyoamini kuwa amefika.

Hesabu iliyo salama ni kuigawa jumla hiyo ya mwisho. Itakuja kama sh. 234,000, tuseme sh. 235,000 kwa mwezi. Kwa mkulima wa kahawa, pamba au korosho asiyepata mshahara wa mwezi, hiyo ni sh. 2,820,000 kwa msimu, akatwe mara moja mazao yanapolipwa, kwa idhini yake ya maandishi.

Na kama sh. 235,000 zinamshinda? Hapo mambo matatu yawezekana: kuongeza miaka, kutafuta nyumba ya bei ndogo zaidi, au mume na mke kuweka kwa pamoja. Jambo lisilowezekana ni kuandika fungu usiloliweza, kisha kuliacha mwezi wa tatu. Afadhali fungu dogo lisilokosa.

4. Bandu bandu huisha gogo

Sisi sote tumefunzwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini kibaba kile kile huisha kwa kuchotwa haba na haba. Mwezi huu ni msiba, mwezi ujao ni sare za shule, kisha harusi ya binamu. Hakuna hata moja la upuuzi kati ya hayo, na ndiyo sababu ni vigumu kuyakataa.

Dawa si kuwa na moyo mgumu. Dawa ni kuwa na fungu jingine. Kabla ya kuanza kuweka kianzio, mwanachama ajiwekee kwanza fedha za dharura, walau matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu, mahali pengine. Shida ikija, ichukue kutoka huko. Pia aijadili azma yake na mwenzi wake wa ndoa, ili anapomwambia ndugu, ‘Fedha hizo zina kazi,’ nyumba nzima iwe na jibu moja.

Tena, uwekaji wenyewe utangulie matumizi. Fedha inayongoja masalio ya mwisho wa mwezi haifiki katika chama. Makato yafanyike siku ya mshahara au siku ya malipo ya mazao, kabla fedha haijazoea mkono.

5. Wajibu wa katibu na Bodi

Ndugu Katibu, wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo:

(a) Mpe kila mwenye kusudi la nyumba ukurasa wake katika leja ya amana. Andika kusudi, fungu la kila mwezi au msimu, na tarehe anayotazamia kuzihitaji fedha hizo.

(b) Kila unapotoa stakabadhi, taja kama fedha imeingia katika akiba au amana. Stakabadhi isemayo ‘fedha taslimu’ tu ndiyo mama wa ugomvi.

(c) Mwanachama anapotia sahihi ya kumdhamini mwenzake, mwonyeshe ni kiasi gani cha akiba yake kitafungwa, na mpaka lini.

(d) Tengeneza orodha ya tarehe ambazo amana zitaiva, uipeleke mbele ya Bodi kila robo mwaka. Amana itakayohitajika mwezi wa sita isikopeshwe yote kwa miaka mitatu. Mwanachama aliyejinyima kwa miezi 48, akaambiwa kuwa chama hakina fedha mkononi, hapotezi nyumba peke yake. Hupoteza na imani, na imani yake ikiondoka huondoka na ya majirani zake.

Kama masharti ya chama chenu hayana kifungu cha amana ya kusudi maalum, jambo hilo lipelekwe katika Mkutano Mkuu, na marekebisho yake yaandikishwe kwa Mrajis kabla ya kuanza kutumika.

6. Kabla fedha hazijatoka

Kianzio kilichokusanywa kwa miaka minne huweza kupotea kwa asubuhi moja. Mwanachama asimpe muuzaji fedha kabla ya kufanya yafuatayo.

Kwanza, afanye uchunguzi wa hati katika ofisi ya ardhi, ajue kama jina la muuzaji ndilo lililomo, na kama nyumba haina rehani wala zuio la mahakama. Nakala ya hati mkononi mwa dalali si uchunguzi.

Pili, aangalie miaka iliyobaki. Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na mwenye hati ana haki ya kumiliki kwa muda uliotajwa, ambao hauzidi miaka 99. Nyumba nzuri juu ya hati inayokaribia kwisha ina jambo la kuulizia kwanza.

Tatu, aulize habari za mke au mume wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi.

Nne, fedha zilipwe kwa njia ya benki, mbele ya wakili, kwa mkataba unaotaja nini kitatokea mkopo ukikataliwa. Kifungu hicho kimoja ndicho kinachoamua kama kianzio kitarudi au hakitarudi.

Ndugu wanachama, nyumba ya kwanza haiji kwa bahati, wala haiji kwa mshahara mkubwa peke yake. Huja kwa fedha iliyopewa jina tangu siku ya kwanza, ikawekwa mahali pake, na ikalindwa na watu wawili: mwenyewe na katibu wake.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Nyumba yauzwa sh. 30,000,000 leo. Bei ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, na benki ikitaka sehemu ya tano, mwanachama aweke kiasi gani kwa mwezi ili akamilishe kianzio kwa miaka mitatu, mbali na gharama nyingine?

2. Kila mmoja afungue kitabu chake. Ni kiasi gani kati ya fedha zako kinaweza kutoka mwezi ujao? Ni kiasi gani kimefungwa kwa deni lako, na kiasi gani kwa deni la mwenzako?

3. Je, masharti ya chama chetu yanaruhusu amana ya kusudi maalum? Kama hayaruhusu, nani atalileta jambo hili katika Mkutano Mkuu?

Jibu la swali la kwanza: kianzio kitakuwa sh. 6,945,750, yaani karibu sh. 193,000 kwa mwezi.