Mguu wa meza ya nguzo moja uungwe vipi?

Swali: Natengeneza meza ya duara yenye nguzo moja na miguu mitatu. Je, vijiti na gundi havitoshi, mpaka nichonge mkia wa njiwa?

Jibu: Havitoshi kwa meza ya kudumu, na sababu iko kwenye nguvu zenyewe. Uzito ukishuka kupitia nguzo, sakafu husukuma unyayo juu. Mguu hutaka kuzunguka, na kiungo huanza kuachia upande wa chini. Isitoshe, mguu hugusana na nguzo kwa kichwa cha mbao, mahali ambapo nyuzi zimekatwa na gundi hushika vibaya. Ulimi wa mkia wa njiwa ni mpana mwishoni kuliko shingoni, kwa hiyo hauwezi kuchomoka kwa kuvutwa nje. Mfereji wake huanzia chini ya nguzo na kuzibwa juu. Nguzo ikilemewa, hukalia ndimi na kuzikaza zaidi.

Wapo wanaosema kwamba mifereji mitatu hudhoofisha nguzo. Hoja hiyo ina uzito, maana mbao iliyobaki katikati yake inaweza kupasuka. Ndiyo maana mafundi wa Uingereza na Marekani wa karne ya 18 walipigilia bamba la chuma chini ya nguzo, likishika na miguu. Nawe fanya hivyo. Sawazisha pia uso wa nguzo pale mabega ya mguu yanapokaa, kisha punguza ulimi kwa patasi kidogo kidogo hadi uingie kwa kugongwa taratibu. Ukilegea, gundi haitauokoa.